Mahindi yenye njaa huita msaada chini ya ardhi, na kiduha nacho kinasikia (uzi wa mizizi na vijidudu)

#1 MzaliwaWaMagu

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aupitie kidogo kidogo.

Nimezaliwa Magu, kwa wakulima wa pamba na mahindi. Tulikuwa na kipande kimoja cha luseni, udongo wa kichanga, ambacho mahindi yake yaliota vizuri mpaka usawa wa magoti, halafu yakadumaa. Majani yalijikunja kama yana kiu hata kama mvua ilinyesha jana yake. Wiki chache baadaye vilichomoza vimaua vya rangi kati ya waridi na zambarau kuzunguka mashina, vizuri machoni, na mama akiviona alikuwa anakaa kwenye tuta bila kusema neno. Hicho ndicho kiduha. Wengine mnakiita gugu chawi.

Mama aliishia darasa la nne, lakini alikuwa na kauli yake: kipande kile kikilimwa pamba misimu miwili, mahindi yatakayofuata yatapumua. Kwa nini, hakujua. Leo nafanya kazi kwenye maabara ya udongo, na imenichukua miaka kuelewa kwamba alichokuwa anakiona ndicho wanakemia walichokitoa kwenye mizizi ya pamba mwaka 1966. Nitafika huko. Ila kwanza lazima tukubaliane kwamba mzizi haupo pale kunyonya maji tu. Mzizi unasema. Ukiwa na njaa unaita, na wito wake unasikiwa na yeyote anayeijua lugha hiyo, rafiki na mwizi.

Naanza na rafiki.

#2 MzaliwaWaMagu

Nenda kwenye kunde au maharage yaliyofikisha wiki tano au sita. Chimba shina moja kwa jembe, usivute kwa mkono kwa sababu vitu tunavyovitafuta vitakatikia ardhini. Suuza mizizi taratibu kwenye ndoo. Utaona vivimbe vidogo vya duara, vingine kama punje ya mtama, vingine vikubwa zaidi. Hivyo ni vinundu. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha pinki ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, kijivu au kijani, hakifanyi kazi, ama hakijakomaa au kimekwisha.

Wekundu ule ni ndugu wa wekundu wa damu yako. Ni protini inayobeba oksijeni, inaitwa leghemoglobini, na inatengenezwa na mmea wenyewe. Kazi yake nitaieleza.

Ndani ya kinundu wanaishi bakteria wanaoitwa rizobia. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia kwa sababu atomi zake mbili zimeshikana kwa nguvu kupita kiasi. Rizobia wana kimeng'enya kinachoziachanisha na kuzigeuza kuwa chakula cha mmea. Kwa malipo wanapewa sukari. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, ndio walioonyesha miaka ya 1880 kwamba siri ya jamii ya kunde iko kwenye vinundu, na Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe mwaka 1888.

Sasa hebu fikirieni. Kwenye kijiko cha udongo kuna bakteria wa kila namna, wengi wao hawana habari na kunde, wengine ni maadui. Mmea unampataje huyo mmoja, na unamfunguliaje mlango bila kuingiza magonjwa?

Mzizi ndio unaoanza kusema. Unatoa kemikali za kundi la flavonoidi. Soya hutoa genisteini na daidzeini. Rizobia wa soya ana protini ndani yake inayozishika kemikali hizo, na zikishikwa, vinasaba vilivyokuwa vimelala vinaamka. Bakteria anaanza kutengeneza jibu lake, molekuli inayoitwa kipengele cha Nod. Mmea ukikipokea kwa kiasi kidogo ajabu, unywele wa mzizi unajipinda kama kipini cha mkongojo na kumkumbatia bakteria. Ndani ya seli kalsiamu inapanda na kushuka kwa mapigo. Kisha mmea unajenga kijia chembamba kuelekea ndani, bakteria anapita humo, na mbele yake seli zimeshaanza kugawanyika kumjengea chumba.

Kuna kitu hapa kinanishika moyo kila nikikifundisha. Kipengele cha Nod kina mgongo wa kitini, kitu kilekile kinachojenga ukuta wa kuvu na gamba la kamba wa baharini. Kwa mmea, kitini ni kengele ya hatari: kuvu wa magonjwa wamefika. Kwa hiyo rafiki anabisha hodi akiwa amevaa nguo ya adui. Tofauti iko kwenye mapambo, mkia wa mafuta upande mmoja na vikorombwezo vichache vya kemikali upande mwingine. Ni kama kanga mbili za rangi moja na ua moja, mpaka usome jina ndipo ujue umeletewa upendo au mafumbo. Mmea unasoma jina.

#3 Kisiki

Mkuu uzi mzuri ila mimi nina shida na hilo neno "kusema". Mmea hauna ubongo. Kemikali imetoka, kemikali imegusana na kingine, basi. Tukianza kusema mahindi yanaita na kunde zinasoma kanga, watu wa kijijini kwetu watakwambia hata mbuyu una mashetani.

#4 MzaliwaWaMagu

Ndugu Kisiki, hoja yako naiheshimu, nami sitaki mtu atoke hapa akidhani maharage yana nia. Lakini nina sababu ya kulishikilia neno.

Mlango ukigongwa ukafunguka kwa sababu umepigwa na upepo, hayo si mazungumzo. Mlango ukifunguka kwa hodi ya mtu fulani tu, na wengine wakigonga haufunguki, hapo kuna anayesikia. Mwaka 2003 watafiti wa Aarhus, Denmark, walieleza protini mbili kwenye mzizi wa mmea wa jamii ya kunde ambazo ndizo masikio ya kipengele cha Nod. Baadaye, mwaka 2007, wakazihamishia kwenye mmea mwingine wa jamii hiyo. Mmea ule ukaanza kuitikia rizobia ambaye kabla ya hapo haukuwa na habari naye. Hawakuongeza mbolea wala kubadilisha udongo. Walibadilisha masikio.

Ishara inatumwa, ina mpokeaji maalumu, inabadilisha anachofanya mpokeaji, na mtumaji anafaidika akieleweka. Mimi naiita lugha. Ukipata neno bora nitalitumia.

#5 MamaWaNamtumbo

Nimefuatilia kwa makini maana hili limenigusa mfukoni. Mwaka juzi nililima soya ekari moja na nusu. Ilikuwa ya njano tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilichimba kama unavyosema hapo juu, mizizi mitupu kabisa, hakuna hata kinundu kimoja. Jirani yangu ana kunde kwenye udongo uleule na zake zimejaa vinundu. Nikaambiwa ninunue chanjo ya mbegu. Msimu uliofuata nikanunua kwenye duka moja la pembejeo, nikachanganya na mbegu, hali ikawa ileile. Kosa langu lilikuwa nini?

#6 BwanaShambaMstaafu

Mama, pole sana. Naomba nikujibu mimi, maana nimezunguka na pikipiki kwenye mashamba ya soya kwa miaka mingi.

Kwanza, kwa nini kunde za jirani zina vinundu. Kunde ni za Afrika. Rizobia wake wako kwenye udongo wetu tangu enzi na enzi, na kunde haichagui sana, inaitikia wengi. Karanga na choroko hali kadhalika, zinajitafutia wenyewe. Soya ni mgeni kutoka Asia ya Mashariki, na rizobia wake hawakusafiri nayo. Inatoa wito kwenye udongo ambao hakuna anayeielewa. Watu wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoko Nigeria, walitengeneza aina za soya zinazoanza na herufi TGx ambazo hazichagui sana, zinaweza kupokea rizobia wa huku. Aina nyingine zinahitaji chanjo, yaani uwaletee bakteria wenyewe.

Pili, chanjo ile ni viumbe hai. Hili ndilo lililotutesa. Mkulima anapokea pakiti kama anavyopokea dawa ya unga, anaiweka juu ya bati au dirishani. Jua likiipiga siku chache umebaki na udongo mweusi wa bei ghali. Naomba nikuulize, pakiti yako dukani ilikuwa imewekwa wapi? Ulipochanganya na mbegu ulipanda saa ngapi? Na mbegu zilikuwa na dawa ya kuua kuvu?

#7 MamaWaNamtumbo

Ilikuwa kwenye rafu ya mbele, dirisha linaloangalia magharibi. Nilichanganya asubuhi, nikaanika ikauke kwenye turubai, nikapanda mchana. Hakuna aliyeniambia chochote.

#8 BwanaShambaMstaafu

Basi ulipanda soya na maiti. Sikulaumu wewe, mama. Aliyekuuzia alipaswa kukueleza.

Fanya hivi. Ukinunua, angalia tarehe ya mwisho, na uliza imehifadhiwa wapi. Ibebe kwenye kitambaa kibichi au mtungi wa baridi. Changanya kivulini, lowanisha mbegu kidogo kwa maji yenye gamu inayokuja na pakiti, kila mbegu ipate weusi. Panda papo hapo, udongo ukiwa na unyevu, fukia mara moja. Ukibaki na mbegu zilizochanganywa mpaka kesho, zichanje upya. Na kila zao lina pakiti yake. Ya soya haifai kwa maharage.

Ongeza fosforasi, maana vinundu vinakula fosforasi sana. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu inafaa kwenye udongo wenye tindikali. Kama udongo una tindikali kali weka chokaa kwanza, kwa sababu kile kimeng'enya cha kuvunja naitrojeni kinahitaji molibdeni, na molibdeni kwenye udongo wa namna hiyo hufungwa isipatikane.

Usimwage urea nyingi. Mmea wenye naitrojeni ya bure hauwezi kusumbuka kuita mtu.

Kwa wasiojua, ukanda wetu una historia nzuri katika hili. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kiliwahi kutengeneza chanjo ya soya iliyoitwa NITROSUA. Kenya wana BIOFIX iliyotoka Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, ambayo bakteria wake hubebwa kwenye matope yanayobaki viwandani baada ya kuchuja maji ya miwa. Uganda nao, Makerere wana yao. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni kivuli na maelezo kati ya kiwanda na shamba.

#9 MzaliwaWaMagu

Shikamoo mzee wangu. Umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Hapo uliposema mmea wenye naitrojeni hausumbuki kuita pashikwe vizuri, kwa sababu ndipo tunapoelekea. Na mama wa Namtumbo, ukichimba msimu ujao tuletee majibu.

#10 BwanaShambaMstaafu

Marahaba, mwanangu. Endelea.

#11 Kisiki

Nimeelewa hoja ya masikio, nakubali. Swali lingine: bakteria akishaingia akakaa tu, anakula sukari bila kutengeneza naitrojeni, mmea unajuaje?

#12 MzaliwaWaMagu

Swali zito, na wavivu hao wapo kweli. Maharage yetu ya kawaida, kwa mfano, hupokea rizobia wengi wasio na kazi ya maana, ndiyo sababu unaweza kuona vinundu na bado shamba ni la njano.

Mwaka 2003 kuna watafiti walifanya jambo la akili sana kwa soya. Walivizungushia vinundu hewa isiyo na naitrojeni, mahali pake wakaweka gesi ya agoni. Bakteria wale walikuwa wazima, wenye uwezo, ila hawana malighafi. Mmea haukujua sababu, uliona tu kwamba malipo hayaji. Ukakaza oksijeni kwenye vinundu vile, na bakteria walizaana karibu nusu tu ya wenzao waliokuwa wakifanya kazi.

Hapo ndipo ule wekundu unapoingia. Kimeng'enya cha kuvunja naitrojeni kinaharibiwa na oksijeni, lakini bakteria mwenyewe anaihitaji apumue. Leghemoglobini inamletea kwa kipimo, kama mtu anayegawa maji kwa kikombe. Na anayeshika kikombe ni mmea.

#13 MzaliwaWaMagu

Sasa mahindi.

Mahindi, mtama, ulezi, mihogo, migomba, miti ya msituni, kwa jumla zaidi ya theluthi mbili ya mimea ya nchi kavu, wana rafiki mwingine wa kale kuliko rizobia. Ni kuvu wa mikoriza. Nyuzi zake ni nyembamba mno, zinapenya kwenye udongo ambako mzizi haufiki, zinachota fosforasi na kuileta hadi ndani ya seli za mzizi. Huko ndani kuvu hujenga kitu kama kijiti chenye matawi, ndipo pa kubadilishana bidhaa. Fosforasi inaingia, sukari na mafuta yanatoka. Huko Rhynie, Uskoti, kuna mawe yaliyohifadhi mimea ya miaka takriban milioni 407, na ndani ya seli zake vijiti vilevile vinaonekana. Mimea ilipokuwa bado haina mizizi ya maana, kuvu alikuwa tayari kazini.

Mmea ukikosa fosforasi, unatoa kemikali kwenye udongo. Kuvu akizipata, nyuzi zake zinaanza kutoa matawi mengi kwa haraka, kama mtu anayenyoosha vidole kutafuta kitu gizani, mpaka aguse mzizi. Naye anajibu kwa molekuli zake, na baadhi zinafanana mno na kipengele cha Nod. Inaelekea kunde hazikubuni lugha mpya kwa ajili ya rizobia. Zilichukua lugha ya kale waliyokuwa wanazungumza na kuvu, wakaitumia kwa mgeni.

Kemikali hiyo ya kuitia kuvu ilitambuliwa na Wajapani, Akiyama na wenzake, mwaka 2005. Ilikuwa ya kundi la strigolaktoni.

Sikilizeni hilo jina: Striga. Ni jina la kisayansi la kiduha. Kemikali ilipewa jina la gugu miaka 39 kabla mtu yeyote hajajua mmea unaitoa kwa ajili gani.

#14 NyarSiaya

Hapo umenishika! Sisi Siaya tunakiita kayongo. Nyanya yangu aliacha kabisa kulima sehemu moja kwa sababu yake. Tafadhali endelea, usituache hapo.

#15 MzaliwaWaMagu

Naendelea, dada.

Mbegu ya kiduha ni kama vumbi, haifiki hata nusu milimita. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Kwa udogo wake haina akiba ya chakula. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa kujishikiza, inakufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo inasubiri. Inataka unyevu na joto kwa muda, kisha inataka kusikia jambo moja tu: strigolaktoni. Ikizisikia, inajua kwamba kuna mzizi hai milimita chache kutoka hapo. Inaota. Ikiukaribia mzizi inapokea ishara ya pili, kemikali nyingine za mzizi, na ncha yake inageuka mdomo wa kunyonyea. Mpaka unaona ua juu ya ardhi, wizi umeshafanyika kwa wiki kadhaa.

Ndiyo sababu kiduha ni ugonjwa wa udongo wenye njaa. Mahindi yaliyoshiba fosforasi na naitrojeni yanaita kwa sauti ndogo. Mahindi kwenye luseni iliyolimwa miaka 30 bila samadi yanaita kwa nguvu yote, yanamwita kuvu aje kuyaokoa, na wito huohuo unamwamsha mwizi. Hayawezi kunyamaza, kwa sababu yakinyamaza yanamkosa kuvu. Nikiwaza jambo hili huwa naona yale mahindi ya mama yaliyodumaa.

Na sasa pamba. Mwaka 1966 wanakemia wa Marekani walitangaza kwamba wametenga kemikali inayootesha mbegu za kiduha, wakaiita strigoli, mojawapo ya hizo strigolaktoni. Waliitoa kwenye jasho la mizizi ya pamba. Lakini kiduha hakiwezi kuishi kwenye pamba! Pamba inaita kwa ajili ya mambo yake, mbegu za kiduha zinaamka, zinatafuta mahali pa kujishikiza, hazipati, zinakufa. Misimu miwili ya pamba ni misimu miwili ya kupunguza mbegu ardhini.

Mama alikuwa sahihi.

#16 BwanaShambaMstaafu

Nimekaa kimya dakika kadhaa baada ya kusoma hiyo. Tulikuwa tunawaambia wakulima wabadilishe mazao "ili kupumzisha udongo". Laiti tungewaeleza hivi.

#17 Nyanya_Ilula

Wakuu, naomba kuingilia kidogo, mimi ni wa nyanya. Mnyauko wa bakteria, ule ambao mche unanyauka ukiwa bado wa kijani kabisa, nao una haya mazungumzo?

#18 MzaliwaWaMagu

Unayo, tena ya aina nyingine, bakteria kwa bakteria. Ralstonia, yaani bakteria wa mnyauko huo, wakiwa wachache hawafanyi fujo. Wanaogelea, wanaingia kwenye mzizi, wanajificha. Kila mmoja anatoa ishara kidogo. Wakizaana, ishara inarundikana, na ikifika kiwango fulani wote wanajua kwamba sasa tuko wengi. Hapo ndipo wanaanza kwa pamoja kutengeneza ute mzito wa sukari unaoziba mirija ya maji, na mche unanyauka ndani ya siku chache. Wangeanza wakiwa wachache mmea ungewamaliza.

Kipimo cha nyumbani: kata kipande cha shina sehemu ya chini, kitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, tulia dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ndio wao. Ng'oa mche mzima na udongo wake, choma, na usirudishe pale nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Dawa ya kupuliza haifiki waliko, usipoteze hela.

#19 Nyanya_Ilula

Nimejaribu sasa hivi. Uzi mweupe umeshuka. Asante, mkuu, inaniuma lakini angalau najua.

#20 NyarSiaya

Naomba nirudi kwa kayongo, kwa maana huku magharibi mwa Kenya tumeona mambo.

Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu. Miaka ya 1990 walikuwa wanatafuta namna ya kuzuia funza wa mabua bila dawa. Wakapanda desmodiamu, mmea wa malisho, katikati ya mistari ya mahindi kwa sababu harufu yake inawafukuza vipepeo wa funza, na nyasi za nepia pembezoni kuwavuta. Wakaita vuta-sukuma. Kumbe, wakaona jambo ambalo hawakulitarajia: mahali palipokuwa na desmodiamu, kayongo ilikuwa inatoweka. Kikundi cha Profesa Zeyaur Khan kikafuatilia, wakakuta mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali za aina mbili. Moja inaamsha mbegu ya kayongo. Nyingine inazuia kamzizi kake kisikue na kujishikiza. Inaitwa ije, halafu inafungiwa mlango.

Mama yangu ana robo ekari ya hiyo. Si rahisi, niseme ukweli. Mbegu ya desmodiamu ni ghali, na msimu wa kwanza unapalilia kwa mikono kwa uangalifu mpaka ishike, usije ukaing'oa ukidhani ni gugu. Lakini ikishika inakaa miaka, inaongeza naitrojeni kwa kuwa ni jamii ya kunde, na ng'ombe wanaipenda. Maziwa ndiyo yaliyomfanya baba akubali, si mahindi.

Pia kuna kuvu anayeua kayongo yenyewe. Ni Fusarium wa aina inayoshambulia Striga pekee, kazi ya KALRO (shirika la utafiti wa kilimo la Kenya) Kakamega na Chuo Kikuu cha Montana State cha Marekani. Kuvu huletwa kijijini akiwa kwenye kijiti cha meno, anakuzwa siku chache kwenye wali uliopikwa, kisha unaweka kidogo kwenye shimo pamoja na mbegu ya mahindi. Inauzwa kwa jina la Kichawi Kill na iliidhinishwa Kenya mwaka 2021.

#21 Kisiki

Dada, huyo kuvu hawezi kugeuka akala mahindi?

#22 NyarSiaya

Hilo ndilo swali la kwanza kila mtu huuliza kwenye baraza. Aina hiyo imezoea Striga tu. Lakini ni vizuri kuuliza, hata mimi niliuliza.

#23 MzaliwaWaMagu

Nyongeza moja kwa wanaopanda mtama. Kuna mbegu za mtama zinazostahimili kiduha, na mwaka 2017 sababu ya baadhi yake ilijulikana. Zina badiliko kwenye kinasaba kimoja tu, na kwa ajili hiyo zinatoa strigolaktoni ya umbo tofauti kidogo na ile ya kawaida. Mbegu ya kiduha haiamki nayo vizuri. Yaani mtama umebadilisha lafudhi. Wito ni uleule, bali mwizi hashiki maneno.

Wazee waliochagua mbegu hizo kizazi hadi kizazi, kwa kuangalia tu shuke lipi limesimama kwenye shamba lenye gugu, ndio waliotuhifadhia lafudhi hiyo.

#24 MamaWaNamtumbo

Mkuu, mama yako bado analima?

#25 MzaliwaWaMagu

Analima, ingawa si kwa eneo lile. Nilimpigia jana usiku baada ya kuandika ile ya #15, nikamsomea yote kwa Kisukuma kadiri nilivyoweza. Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo zile mbegu zinadanganywa na pamba?"

Nikamwambia ndiyo.

Akasema, "Kipande cha juu nitaweka pamba. Cha chini leta hiyo ya Wakenya, na usiiweke dirishani."

NyarSiaya, naomba unielekeze mbegu ya desmodiamu inapatikana wapi na kilo inakwendaje. Nasafiri Magu kabla ya mvua za vuli.

#26 NyarSiaya

Nakutumia ujumbe sasa hivi. Mwambie mama aanze na mistari michache tu msimu wa kwanza, halafu akate vipande vya shina apandikize kwingine. Hivyo ndivyo mama yangu alivyofanya, hakununua mbegu mara ya pili.